Posho ya Shaka

Watu wakisikia binti yangu ni mchunguzi wa vifo, kwanza wanasogeza kiti nyuma. Kisha wanauliza analipwa kiasi gani. Mimi ni fundi cherehani, na mteja anayeuliza hivyo huwa namchoma pini kiunoni, bahati mbaya.

Lakini nitasema, maana sina cha kuficha. Wilaya yetu ni ndogo, na mshahara wake ni mdogo vilevile. Wenzake wa miji mikubwa wanapata karibu mara mbili. Udaktari wake ulimwongezea kidogo, miaka ya kazi ikamwongezea kidogo tena. Kinachobaki ni posho. Akisema mtu amekufa kwa maradhi, faili linafungwa na mshahara unabaki ule ule. Akisema kifo kina shaka, uchunguzi unafunguliwa na posho inaingia. Aliyepanga utaratibu huo sijui alikuwa amelala au amelewa.

Basi akafa fundi magari wa mtaa wa nyuma. Alikutwa kitandani asubuhi, mtu wa miraba minne. Kaka yake hakungoja hata machozi yakauke. Alisema mjane amemtilia mumewe sumu, akamnyang'anya funguo za nyumba, na mama wa watu akawa analala na wanawe sebuleni kwa jirani.

Jioni ile kaka mtu alikuja kwetu. Binti yangu alikuwa jikoni anaosha vyombo.

"Daktari, mwanangu," alisema, "wewe andika tu kuna shaka. Sisi roho zitatulia, na wewe utapata chako. Mkono mtupu haulambwi."

"Kesho nitakuja kuona chumba alicholala, baba," binti alijibu, akaendelea kusuuza sahani.

Ndivyo anavyofanya kazi. Hamgusi maiti kabla hajaona alipolala. Huko alikuta mito imerundikwa kichwani, dirisha liko wazi na baridi yote ile, na viatu vimechanwa pembeni kwa kisu. Mjane akamweleza kwamba mumewe alikuwa hawezi kulala chali, pumzi zinamkatika, miguu inavimba, na hospitali hataki kuisikia. Binti akaenda chumba cha maiti, akafanya kazi yake, akapeleka vipimo maabara.

Na sisi paa lilikuwa linavuja. Nilimtajia paa mara moja tu. Alinitazama, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Majibu yake huyatoa kwa mdomo wake mwenyewe, barazani nje ya chumba cha maiti, ndugu wote wakiwepo, kabla hajatia saini. Siku hiyo nami nilijipeleka.

"Moyo wake ulikuwa umepanuka na kuchoka kwa muda mrefu," alisema. "Sumu hakuna, maabara wamehakikisha. Marehemu amekufa kwa maradhi."

"Huyu mwanamke amekuhonga ngapi?" kaka mtu akauliza.

Binti hakupandisha sauti. "Ningesema sumu ndiyo ningepata zaidi, baba. Wewe mwenyewe ulikuja jikoni kwetu kunikumbusha. Kwa jibu hili siongezewi hata senti."

Mama yao, bibi kizee aliyemzaa marehemu na kaka mtu, alimfuata mwanawe akamkingia kiganja. Akakiacha hapohapo mpaka funguo zikatoka mfukoni. Kisha akamshika mkwewe mkono, akamkabidhi.

Nilijivuna. Nilijivuna mpaka nikaona haya, maana pale ni msibani, lakini sikuweza kuacha. Yule nimemzaa mimi.

Paa bado linavuja. Mvua ikinyesha tunakinga ndoo, na binti anasema angalau hatuendi kisimani. Juzi mteja kaniuliza tena mwanangu analipwa kiasi gani. Pini nilikuwa nayo mkononi. Nikaichomeka kwenye kitambaa, nikamvuta mpaka dirishani, nikamwonyesha mjane wa fundi magari anafagia kizingiti cha nyumba yake.