Kanuni ya Tisa

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, karani mkuu wa mikopo alikuta mihuri yake mitatu imehamishiwa dirishani, na pale mezani ilipokaa siku zote pamewekwa printa. Aliifuta mihuri vumbi kwa leso, akaipanga upya kwa ukubwa, kisha akauliza mzigo ule ni wa nani.

"Wa mtaalamu," alisema keshia kutoka nyuma ya kioo chake. "Ameletwa atuandikie sera na taratibu. Mzee Kanuni, leo umeletewa mke mwenza."

Walimwita Mzee Kanuni kwa sababu ya daftari. Tangu chama chao cha mikopo midogo kilipokuwa na sanduku moja la chuma na wanachama arobaini, miaka ishirini na miwili iliyopita, alikuwa akiandika katika daftari la jalada la kijani namna kila jambo linavyopaswa kufanywa: nani apokee maombi ya mkopo, nani akakague biashara ya mwombaji, nani akae na ufunguo upi. Mwandiko wake ulilalia kulia kidogo, na mkia wa herufi g ulizunguka kama kamba ya ndoo. Aliupata katika masomo ya jioni, enzi anabeba magunia mchana, na hakuwahi kuuharakisha.

Mtaalamu alikuwa mwanamume wa miaka arobaini mwenye viatu visivyotoa sauti. Meneja alimpa kiti cha magurudumu, kile ambacho Mzee Kanuni alikiomba kwa barua mara mbili.

"Mzee wangu, niazime hilo daftari nilipitie."

"Lisije likamwagikiwa chai."

"Mimi sinywi chai."

Alilirudisha Jumatano likiwa safi. Alhamisi alichapa mwongozo mzima. Kwenye kompyuta herufi zilikuwa zile za kawaida, nyeusi na zilizonyooka. Kwenye karatasi ulitoka mwandiko wa Mzee Kanuni, pamoja na mikia yake, na ukurasa wa kumi na saba ulikuwa na doa la wino ambalo kitindamimba wake alilisababisha kwa kumtikisa mkono miaka kumi na mmoja nyuma. Fundi aliitwa. Alisafisha mashine, akabadilisha wino, akachapa ukurasa wa majaribio, nao ukatoka kwa mwandiko uleule. Akasema mashine ni nzima, akadai nauli.

"Unasomeka vizuri," alisema meneja. "Toeni nakala thelathini."

Kwenye jalada iliandikwa kwamba mwongozo umeandaliwa na mtaalamu, na jina lake lilitoka kwa mwandiko huohuo. Mzee Kanuni alipouona mkono wake ukimwandika mwanamume mwingine, alishikwa na wivu. Hata printa aliionea wivu. Ilimaliza nakala thelathini bila kusimama kunyoosha kiwiko.

Akaingia kwa meneja.

"Mama, mwongozo ule ni wangu. Neno kwa neno. Hata doa ni langu."

"Naona, mzee. Nani asiyeona?"

"Basi jina langu liwekwe."

Meneja alifungua nakala yake. "Nisomee kanuni ya tisa."

Hakuhitaji kusoma. "Anayeandaa hati asiwe yeye anayeihakiki."

"Hapa ofisini mwenye sifa za kuhakiki ni nani?"

"Mimi."

"Na ukiwa wewe ndiye mwandaaji, nani ahakiki? Wafadhili wanataka saini mbili kesho. Halafu mtaalamu tumeshamlipa."

Mzee Kanuni aliitafuta njia ya kutokea asiione. Aliitunga kanuni ile kwa wiki tatu, na ilikuwa imeziba kila upande. Akatia saini penye neno Mhakiki.

Nakala moja ilifika nyumbani kwake kabla yake, kwa kuwa mkewe alikuwa mwanachama.

"Huyu mtu ana mpangilio," alisema mkewe akipakua chakula. "Baba watoto, ungejifunza kwake."

"Huo ni mwandiko wangu."

"Nitaacha kuujua? Si ndio ulioniandikia barua za uchumba? Lakini wewe hukuweka majedwali."

Mzee Kanuni alikula akiwa ameupa mwongozo mgongo.

Baada ya miezi miwili akaja mkaguzi kutoka nje. Alikaa siku mbili, akaweka jalada na ukurasa wa saini pamoja, akaandika kwamba maandalizi na uhakiki vimefanywa na mkono mmoja, kinyume cha kanuni ya tisa. Alipendekeza karani mkuu apewe onyo kwa maandishi. Kuhusu jina la kwenye jalada hakuwa na hoja.

Barua ya onyo ilitoka kwenye printa ingali na joto, kwa mwandiko wa Mzee Kanuni.

"Pole, mzee wangu," alisema mtaalamu, aliyekuwa amerudi kwa kazi ya pili. Alikuwa akijizungusha polepole kwenye kiti.

Mzee Kanuni aliisoma barua mara mbili. Mstari wa pili ulikosa mkato, akauweka. Akatia saini mahali pa mpokeaji, akagonga muhuri wa kati, akaipeleka kwenye jalada lake kabatini, maana kanuni ya kumi na mbili inataka onyo lihifadhiwe siku hiyohiyo kabla ya saa kumi. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini.

Aliporudi mezani, printa ilikuwa imeishiwa karatasi. Akaijaza. Mkataba mpya wa mtaalamu ukaanza kutoka, mstari baada ya mstari, naye akasimama kuutazama. Tarakimu ya malipo ilikuwa ndefu, na sifuri zake zote zilikuwa zimefungwa sawasawa, kama alivyofundishwa.