Chafya ya Tabutany

Katika Roret nzima, Sista Joan husema, hakuna mtu wa chini ya miaka arobaini ambaye yeye hakumshika kabla mama mzazi hajamshika. Akishasema hivyo hujipunguzia mwenyewe: ukitoa waliozaliwa siku zake za ofu, waliozaliwa wakati wa mgomo, na watatu wake mwenyewe, maana hata nesi hawezi kujidaka.

Lakini huyu msichana wa siku nne alikuwa amemdaka kweli. Alikuwa mtoto wa mwanawe Kipkurui na mkewe Moureen, Mkisii wa upande wa Chepilat. Usiku ule zahanati ilikuwa na nesi mmoja na kina mama watatu wa kujifungua, wakamtuma mlinzi aende kumwita mstaafu. Joan alikwenda na gambuti zake za kuchumia chai. Tangu hapo mtoto alikuwa mikononi mwake, na mfukoni mwa sweta hakukosa pamba ya kumsafishia kitovu.

Jumamosi hiyo, majani ya chai yakishapelekwa kupimwa, wanawake wa ukoo walikuja kumpa mtoto jina. Si lile la kanisani, hilo lilikuwa tayari. Hili ni lile la wazee: unamwitia mtoto majina ya waliokufa, moja baada ya lingine, na lile atakalolipigia chafya ndilo lake. Mwenye jina amerudi nyumbani. Na kila mtu anajua, ingawa hakuna anayesema, kwamba wazee wengine hurudi haraka zaidi wakivutwa na ugoro kidogo.

Ndiyo maana Joan alisimama mlangoni kama askari. Alipofika Chepchirchir, dada ya mumewe, Joan alinyoosha mkono bila hata salamu na kudai kopo. Chepchirchir akauliza kopo gani. Joan akamwambia lile lililo kwenye soksi ya kushoto. Likatoka. Joan akatangaza kwa wote kwamba ameona mapafu ya kutosha maishani, na kwamba pua ya mtoto wa siku nne si mahali pa kuchezea. Atakayetia kitu humo, awe nani, atatoka kwa dirisha.

Hasira yake haikuwa ya ugoro tu. Alijua Chepchirchir amekuja kumrudisha nani: mama yake, Taprandich.

Taprandich, mama mkwe. Yule aliyechukua yunifomu ya kwanza ya Joan, nyeupe, imepigwa pasi ya makaa, akaitia motoni chini ya sufuria ya kimyet, ugali wa nyumbani, kwa sababu mke wa mtu hawezi kwenda usiku kushika miili ya wanaume wa watu. Joan aliona vifungo vikiyeyuka. Aliyemwokoa ni Tabutany, dada mdogo wa Taprandich, aliyeolewa ukoo huohuo. Alimfunga Kipkurui mgongoni usiku baada ya usiku, miaka sita, ili Joan aende zamu. Tabutany hakuzaa mtoto wake mwenyewe. Alipokufa, hakuna aliyeliita jina lake kwa mtoto yeyote. Lilipita kama maji.

Sasa fikiria: Taprandich arudi, na Joan ambebe, amwimbie, amwoshe makalio kila asubuhi huku akimwita mpenzi. Damu ilimpanda mpaka masikioni.

Walikaa. Joan akampakata mtoto, Moureen kando yake. Chepchirchir, kama binti wa boma, ndiye aliyeita.

Akaita Taprandich. Mtoto akapiga miayo. Akaita tena, kwa sauti tamu, kama anayembembeleza ng'ombe atoe maziwa. Mara ya saba mtoto akajamba, na Moureen akaficha uso kwenye leso. Chepchirchir akasema pua ni kavu, apewe kopo lake, ni mambo ya kawaida. Joan akasema hapana. Chepchirchir akasema basi ataita mpaka jioni, kwa sababu ni mama yake ndiye aliyemkaribisha Joan katika boma hili.

"Alinikaribisha?" Joan hakupandisha sauti, na ndipo wote wakaogopa. "Mama yako alichoma nguo yangu ya kazi nikitazama. Miaka arobaini nimewazalisha, nimewafunga vidonda, wewe mwenyewe nimekutoa kondo la nyuma kwa mkono huu, na hakuna siku hata moja mtu wa boma hili alisema ile nguo ilikuwa makosa. Wala wewe. Ulikuwa umesimama hapo, ukikula kimyet iliyopikwa nayo."

Chepchirchir alitazama chini. Kimyet hiyo alikuwa anaikumbuka.

"Ita Tabutany," Joan akasema. "Mara moja tu. Akikataa, tutarudi kwa mama yako."

Akainama kumfunika mtoto vizuri, shali ikawaangukia wote wawili. Mkono wa kulia ukaingia mfukoni mwa sweta, kama wa mtu anayetafuta hanchifu.

Chepchirchir akalitema jina kama ganda la njugu. "Tabutany."

Mtoto akapiga chafya. Akapiga ya pili. Vigelegele vikajaa nyumba, Moureen akalia, na nje Kipkurui akasikika akiuliza ni nani, ni nani amerudi.

Ni Chepchirchir peke yake ambaye hakupiga kigelegele. Alisogea, akapiga magoti, akamtazama mtoto usoni kwa karibu sana.

"Mama Kipkurui, umemtia nini?"

"Nimtie nini mimi?" Joan akafungua viganja vyote viwili, vyeupe, vinanukia spiriti. "Mimi ndiye niliyewakataza. Nimeshika mtoto tu."

"Na hiki cheupe hapa chini ya pua?"

"Ni maziwa. Amecheua."

Chepchirchir akakichukua kwa ncha ya vidole viwili, akakiinua mbele ya wanawake wote, akapuliza. Kikapaa, kikaelea juu ya vichwa vyao polepole, kikaenda kutua kwenye sweta ya Joan, pale pale mdomoni mwa mfuko.

"Sista," Chepchirchir akasema, "maziwa ya Wakisii huruka?"