Furaha ya Sekunde Kumi na Tano

1.
OFISI YA KATA
RATIBA YA UZINDUZI WA BOMBA LA ZAHANATI, KWAMBARUTI
Saa 4:00 asubuhi: Mgeni rasmi kuwasili.
Saa 4:10: Wananchi kufurahi.
Saa 4:15: Mgeni rasmi kufungua bomba.
Saa 4:16: Vigelegele vya ghafla (sekunde kumi na tano). Mhusika: Bi Siwatu.

2.
Umecheka hapo kwenye "vya ghafla"? Siwatu hakucheka. Alimwambia mtendaji wa kata, Bwana Kidiwa, kwamba leo hapigi kigelegele, binti yake Mwanamkasi yuko humo humo zahanati, uchungu umeshika tangu alfajiri. Kidiwa akamjibu kwamba ndiyo vizuri, hatakuwa na safari ndefu.

3.
MJAMZITO AJE NA:
glavu
wembe
pamba
kanga mbili
maji, ndoo mbili

(Tangazo hilo limebandikwa ukutani mwa zahanati. Bomba liko chini yake. Sogea usome.)

4.
Kwambaruti, mtoto akizaliwa watu hawasubiri simu. Wanasubiri kinywa cha Siwatu. Kigelegele chake kinaanzia chini, kinapanda, kinakatika kidogo katikati kama kimejikwaa, halafu kinamaliza. Ukikisikia unajua mama mzima, mtoto mzima, bandika uji.

Ni habari ile. Si pambo.

5.
Mwaka jana walizindua bomba hili hili. Siwatu alipiga, aliombwa na yeye akaona sifa. Wanawake wanne wakatoka majumbani na uji wa pilipili manga, mbio mpaka wodini kumpongeza Zena, jirani yake.

Zena alikuwa bado anasukuma.

Walimkuta hivyo, nao midomo imejaa hongera. Jioni mtoto alizaliwa, hakulia, na—

6.
Zena hajamsemesha Siwatu mpaka leo. Bomba nalo halijatoa maji mpaka leo. Ila limepakwa rangi.

7.
Kwenye viti vya plastiki, nyuma:
"Safari hii linatoa?"
"Linatoa hotuba."
"Shoga, shusha sauti."

8.
Saa nne na robo mgeni rasmi akazungusha koki. Bomba likakohoa. Likakohoa tena, likatema kutu kidogo kwenye kiatu chake. Akapiga makofi.

Mshereheshaji, kijana wa watu, akainua karatasi akasoma kila kilichoandikwa, hakuacha hata mabano:

"Vigelegele vya ghafla, mabano, sekunde kumi na tano, funga mabano, mhusika Bi Siwatu."

Vichwa vyote vikageuka.

Siwatu akafumba mdomo mpaka meno yakauma. Ulimi wake wa miaka hamsini na nane akaukanyaga kwa meno ya juu usije ukamsaliti. Nyuma ya ukuta ule Mwanamkasi anasikia. Vibarazani kuna masufuria yanasubiri.

Moja.

Mbili.

Saba.

Kumi na tano.

9.
Kidiwa akamvuta pembeni, jasho linamtoka, akamnong'oneza, "Bi Siwatu, unaniaibisha mbele ya mkubwa. Furaha kidogo tu inakushinda?"

"Furaha ninayo," akasema Siwatu. "Maji ndiyo sina. Nipishe nikachote kisimani, mwanangu anazaa kwenye ukavu."

Kidiwa akampa fomu kwanza.

10.
MAELEZO YA MWANANCHI ALIYESHINDWA KUFURAHI
Jina: Siwatu
Sababu (usizidi mstari mmoja): Mlinifanya nidanganye kuhusu Zena na sasa mnataka nidanganye kuhusu mwan

11.
Kalamu ikasimama. Dirisha la wodi limefunguka. Nesi katoa kichwa, mikono yake imelowa na si maji. Uso wake huwezi kuusoma; hata wewe uliyekaa mbali hivyo huwezi.

Mgeni rasmi akakatiza shukrani, akageukia dirishani. Zena, aliyesimama peke yake pale getini, akavuta hatua moja, ya kwanza kwa mwaka mzima, kuelekea kwa Siwatu.

"Mama yake Mwanamkasi ni nani?" nesi akauliza.

Watu mia mbili wakamtazama Siwatu mdomoni.

"Mimi," akasema Siwatu. "Sema."