Zulia la Mlangoni

Mbele ya mlango wangu nilipanda ule mmea wa majani manene unaotambaa chini, nikaulea mpaka ukawa zulia. Kila mara nikawa nakuta kipande kimeng'olewa.

"Kuku wa jirani hao," alisema mume wangu, dereva wa lori.

Nikamvaa jirani, tukatupiana maneno mpaka tukanuniana.

Leo nimepeleka kitambaa kwa fundi cherehani aliyehamia mtaa wa pili. Uani kwake, zulia lilelile! Nikamsifu.

"Kazi ya baba watoto hiyo," akacheka. "Kila akitoka safari ananiletea kipande kwenye bakuli lile. Anasema huko anakokitoa hakuna anayekijali."

Bakuli lilikuwa langu.

Nikaondoka na kitambaa changu. Kabla ya kuingia kwangu, nilipita kwa jirani kuwaomba radhi kuku wake.