Panya wa Noela na Beseni la Babu

Vidole vya Bibi Ekaristia wa Mshangano vilikuwa vimevimba kama tangawizi. Kila asubuhi ya Juni, Songea ikizizima, mumewe Eusebi alimchemshia maji ya kukandia. Ilikuwa miaka kumi na minne sasa, maana wote wawili waliamini ugonjwa ule uliletwa na kufulia maji ya baridi.

Asubuhi hiyo mjukuu wao Noela, aliyekuja likizo kutoka chuo kikuu, alikuwa akimsimulia bibi habari za panya anaowapima miguu kule maabara.

“Ni koo mbili, bibi. Banda moja, chakula kimoja, sindano ileile ya kuchokoza ugonjwa kama wako. Ukoo mmoja viungo vinavimba, wa pili wanarukaruka tu. Kinga ya mwili inawageukia wenyewe, na sehemu kubwa ni urithi.”

“Kwa hiyo maji ya baridi?”

“Yanasingiziwa tu.”

Bibi alitupa jicho jikoni, kulikokuwa kukifuka moshi, akamshika Noela mkono.

“Ishia hapohapo! Babu yako akisikia, kesho nanawa ya bombani. Yaani umesoma mpaka unataka kunivunjia ndoa?”

Noela hajamaliza kucheka, Mzee Eusebi akatoka na beseni linalofuka mvuke. Akaliweka mbele ya mkewe, akapima joto kwa kiwiko kama anayetaka kumwogesha mtoto mchanga.

“Nimesikia yote,” akamwambia mjukuu. “Ila hao panya wenu wanaovimba, nani anawachemshia maji?”

Bibi Ekaristia alitumbukiza mikono, akasogea kumpisha mumewe aketi ubavuni mwake.