Vijiti vya Mtini na Perege wa Ijumaa

Mzee Nestory wa Pito alikuwa na pipa la perege nyuma ya jiko, na juu yake, kwenye matofali, sanduku la mbao lililojaa kokoto. Asubuhi na jioni alichota maji ya samaki kwa ndoo akayamwaga kwenye kokoto, yakachujika, yakarudi pipani tone kwa tone. Uchafu wa samaki ndio mbolea yenyewe. Alionyeshwa na bwana shamba mmoja, siku zile bustani ya miche ya mjini, alikofanya kazi, ikiwa bado ya serikali.

Basi bustani ikauzwa. Kina Nestory wakaambiwa mmepunguzwa, mwenye mali mpya akataka kujenga ghala, na mtini alioupalilia miaka kumi na mmoja ukaenda na shoka. Wenzake walibeba kuni. Yeye alibeba matawi, akakata vijiti ishirini vya shibiri moja moja, akavichomeka kwenye kokoto. Baridi ya Ufipa nayo unaijua. Kumi na saba vikaoza. Vitatu vikatoa majani.

Jumatatu moja mkewe, Avelina, akatoka jikoni, mikono ina unga.

"Baba Jenifer, wakwe wanakuja Ijumaa."

"Ijumaa hii ya Kwaresima?"

"Lori la mjomba wa kijana linapita Ijumaa tu. Nyama haipikwi. Wale perege nawatoa."

"Wote?"

"Wako tisa! Nibakize wa kuimba?"

"Sasa vijiti nitavinywesha nini?"

"Maji ya bomba, kama watu wote."

"Maji matupu hayana chakula, mama."

"Na vijiti vyako havina mdomo."

Kilichomsumbua Nestory si maneno ya mkewe. Alijua kijiti kinaweza kutoa majani kwa nguvu zake za ndani, huku chini hakuna kitu, halafu kikanyauka. Je, awaaibishe wakwe wa binti yake kwa ajili ya kuni tatu zenye majani? Aliliwaza hilo siku tatu, hata ugali ukawa haupandi.

Alhamisi jioni Avelina akaja na chekecheo la kuvulia.

"Nionyeshe mzizi mmoja tu. Nikiuona, nawaacha."

Kijiti hakivutwi. Nestory mwenyewe aliwafokea vibarua miaka yote kwa kosa hilo. Lakini mkono ukaenda, akavuta. Kikagoma kidogo, kisha: tk. Mizizi myeupe, myembamba kama uzi wa kushonea, ilibaki kwenye kokoto. Kwenye kijiti ulining'inia mmoja tu, umekatika nusu.

Avelina alikipokea, akakitazama muda mrefu.

"Mimi ndiye niliyekwambia uvute."

"Mkono ni wangu."

Avelina akaenda kulitundika chekecheo. Kesho yake alfajiri alikuwa sokoni, akatafuta migebuka, wale samaki wakavu wa ziwani Kipili, akawaunga kwa karanga.

Wageni walipofika, shangazi wa kijana, Bi Tereza, mama wa mwili na sauti, akaenda kunawa nyuma ya jiko. Akachungulia pipani.

"Eh, mkwe! Samaki wazima wamo humu, sisi tunapikiwa wakavu?"

Jenifer aliyebeba bakuli akasimama palepale.

"Hao wako kazini, mkwe," Avelina akasema. "Wanalisha mitini. Mti wenyewe ulikatwa mjini, mbegu yake imebaki hapa tu, vijiti viwili. Nikiwapika hao, nimepika na mti."

Bi Tereza akaangalia majani mawili matatu yaliyokuwa yakitikisika kwa upepo. Akaangalia perege. Akamwangalia Nestory, ambaye hakujua aweke wapi mikono.

"Kimoja kikishika, kitakuja kwetu na binti?"

"Kitakuja," Nestory akasema, "ila mnivumilie mpaka nikihamishie kwenye udongo."

"Na tini tutakula lini?"

"Miaka mitatu. Labda minne."

"Hee!" Bi Tereza akajifuta mikono kwenye khanga. "Basi nipeni hao migebuka."