Kituo Alichokitaja

"Kituo kijacho, simama!" Kuwabara alitamka, kidole chake chenye glavu nyeupe kikielekea mbele, kama dereva wa treni wa Japani anavyotakiwa, na kama alivyofanya kwa miaka thelathini na mmoja. Kidole kilikuwa sahihi. Sauti pia. Ila mkono wa breki haukusogea, na treni ya behewa moja, huko milimani Akita, ikakipita kituo.

"We dereva! Unanipeleka wapi tena?" alipiga kelele Bibi Tokiwa, abiria pekee, amekumbatia furushi lake la figili.

Kuwabara alisimamisha treni mita mia tatu mbele, akaomba ruhusa kwa redio, akarudi kinyumenyume. Aliinama kuomba radhi mpaka kofia ikamdondoka.

"Usijali, mwanangu," alisema bibi akishuka. "Mimi jana nimeweka miwani kwenye friji."

Bibi alikuwa na miaka themanini na mitatu. Kuwabara alikuwa na hamsini na minne, na huruma ile ilimuuma kuliko tusi.

Daktari wa kampuni alikwisha kumwambia. "Presha yako haijashuka miaka kumi. Sukari inapanda, sigara huachi. Unadhani ni moyo tu? Mishipa ya ubongo nayo inaumia. Watu wa hivi wanaanza kusahau kabla hata ya uzee."

"Kichwa changu kitupu tangu utotoni, daktari. Itaharibu nini?"

Walicheka. Dawa zilibaki kabatini, na mchana ule Kuwabara alikunywa mchuzi wa tambi mpaka tone la mwisho, chumvi na yote.

Sasa mkuu wake Nishiwaki, aliyeanza naye kazi, alimsogezea fomu ya kueleza kwa nini alikipita kituo. "Andika majani. Msimu huu yanaanguka, yanalowa, breki hazishiki. Nani atauliza?"

"Na nikiandika sikumbuki?"

"Watakutoa kwenye usukani, ndugu yangu! Utamalizia kufagia vituo. Acha ujinga."

Kuwabara aliogopa kweli. Hakujua kazi nyingine, wala hakuwahi kuitaka. Alijaribu tena kuikumbuka ile dakika: daraja, handaki, kisha hakuna kitu. Mbele ya kituo kile kuna taa ya kusimamisha treni, na baada ya taa reli ni moja tu, kwa treni inayokwenda na inayokuja; siku akiipita ikiwa nyekundu, zitagongana.

"Majani," Nishiwaki alirudia, taratibu.

Kuwabara alivua glavu. Penye nafasi ya hali ya njia, aliandika kwa herufi kubwa: reli zilikuwa kavu.